Udongo Usiolala wa Mofwe

Kalenda ya Kibemba inaita miezi kwa hali ya hewa. Mei ni Kapepo kanono, baridi ndogo, na Juni ni Kapepo kakalamba, baridi kubwa. Lakini huku Nchelenge, ufukweni mwa Ziwa Mweru kaskazini mwa Zambia, hiyo baridi kubwa ni ya sweta linalovaliwa alfajiri na kuvuliwa saa nne. Mtu wa Njombe au Limuru angeicheka. Ziwa liko mita 900 na ushei juu ya usawa wa bahari, maji yake mapana yanapunguza makali ya mchana na ya usiku, na udongo wa shamba la muhogo, ukiuchimba kina cha kiganja, haupoi hata mwezi mmoja kiasi cha kuvilaza vijidudu vilivyomo.

Kwa mkulima wa Iowa au Illinois, Marekani, habari hiyo ingekuwa balaa. Kule watu hutia amonia shambani mwezi Novemba, miezi mitano kabla ya kupanda mahindi, na wanafuata kanuni moja: subiri kwanza udongo ushuke chini ya nyuzi 10 za Selsiasi. Ukishapoa hivyo, bakteria hulegea, na mbolea hukaa ardhini kama nyama ndani ya friji hadi majira ya kuchipua. Nchelenge haina friji hiyo. Kinachoingia udongoni huanza kuliwa siku hiyohiyo, na kinachoachwa na mlaji wa kwanza kinasubiriwa na wa pili.

Chakula kinachogombewa ni naitrojeni. Juu ya kila hekta ya dunia kumesimama hewa yenye karibu tani 78,000 za naitrojeni, na mahindi yanaweza kusimama katikati ya utajiri huo yakiwa ya njano kwa njaa, kwa kuwa mmea hauwezi kuitumia ikiwa gesi. Nayo naitrojeni iliyomo katika mboji, yaani mabaki ya majani, mizizi na samadi yaliyokwisha kuoza, imefungwa ndani ya vipande vikubwa visivyopita mlango wa mzizi. Lazima mtu aivunje kwanza. Mtu huyo ni kundi kubwa la bakteria na kuvu ambao, katika kujitafutia riziki yao, huitoa ikiwa amoniamu. Kundi la pili, dogo na lenye masharti mengi, huigeuza amoniamu kuwa naitreti. Mrusi Sergei Winogradsky ndiye aliyewatenga bakteria hao huko Zurich mwaka 1890, baada ya kugundua kwamba hawataki kulishwa sukari wala nyama; wanaishi kwa kuichoma amonia kama vile jiko linavyochoma mkaa. Kwa zaidi ya miaka mia moja ilidhaniwa kwamba ni bakteria pekee wanaoifanya kazi hiyo. Mwaka 2005 watafiti wakatangaza kwamba wamempata kijidudu wa ukoo mwingine kabisa, arkea, aliyeifanya kazi ileile katika tangi la samaki la jumba la maonyesho la Seattle. Tangu hapo jamaa zake wamekutwa karibu kila penye udongo, hasa ule mchachu na maskini wa amonia.

Udongo wa Luapula, mkoa wenye Nchelenge, ni wa namna hiyo. Sehemu kubwa ya mkoa iko katika ukanda wa Zambia unaopata mvua ya zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka, na mvua hiyo, kwa karne nyingi, imesuuza chokaa na madini mengine hadi ardhi ikabaki chachu, nyingi yake ya kichanga. Muhogo unaivumilia. Ndiyo maana ubwali wa huku, ugali kwa Kiswahili, ni wa unga wa muhogo kabla ya kuwa wa mahindi, na ndiyo maana aina moja ya muhogo bora iliyosambazwa kwa wakulima wa Zambia ikaitwa Mweru.

Jina la Mofwe lenyewe ni la maji. Ni ziwa dogo na kinamasi kilicho kando ya mji wa Mwata Kazembe, mfalme wa Walunda wa Luapula, kusini mwa Mweru. Mreno Francisco de Lacerda alifika katika nchi hiyo mwaka 1798 na kufia hapo. Livingstone alipofika mwaka 1867, alimkuta Muhammad bin Saleh, mfanyabiashara aliyekuwa ameishi kwa Kazembe miaka mingi, maana misafara ya pwani ilikwisha kuijua njia. Hata leo, boti ikivuka kutoka Kashikishi, jirani na Nchelenge, hadi upande wa Kongo, inakuta mji uitwao Kilwa na watu wanaopatana bei kwa Kiswahili cha Katanga.

Turudi chini ya udongo. Kanuni ya jumla ya vijidudu ni kwamba joto likipanda kwa nyuzi 10, kasi ya kazi yao huongezeka karibu mara mbili, mpaka wafike mahali ambapo joto lenyewe linawaua. Ila mahali hapo si pamoja kwa wote. Wageuzaji wa amonia hufanya kazi vizuri kati ya nyuzi 25 na 35 hivi, na wakipita 40 wananyong'onyea. Wavunjaji wa mboji ni wa koo nyingi na wengine ni wagumu. Majaribio ya miaka ya 1970 katika udongo wa tropiki ya kaskazini mwa Australia yaliwakuta wakiendelea kutoa amoniamu hata kwenye nyuzi 50, wakati ambapo kasi ya wageuzaji ilikuwa imeshashuka.

Sasa fikiria shamba lililolimwa na kuachwa wazi mwezi Oktoba, mwezi wa joto kuliko yote. Jua la utosi likipiga mchanga mtupu, tabaka la juu linaweza kupita nyuzi 50. Kipande cha udongo cha unene wa kidole kinapikwa. Hatua chache tu kutoka hapo, chini ya mwembe au chini ya nyasi zilizolazwa, udongo uleule una nyuzi 20 na kitu na vijidudu vyake viko salama. Mkulima anayesema ardhi yake imeungua hasemi kwa mfano tu.

Hata hivyo joto peke yake halimalizi hadithi, na ushahidi mzuri wa jambo hilo umezikwa Kilimanjaro ndani ya vifuko vya chai. Watafiti walichukua chai ya kawaida ya dukani, ya kijani na ya rooibos, wakaifukia kwenye miteremko tangu nyika ya chini hadi juu penye baridi, kisha wakaifukua na kuipima ili kuona imeoza kiasi gani. Mtu angetegemea kwamba kadiri unavyoshuka kwenye joto ndivyo chai ingeoza haraka. Haikuwa hivyo. Juu kabisa baridi ilivizuia vijidudu, na chini, penye joto tele, ukame ndio uliovizuia. Kasi kubwa ilikuwa katikati, kwenye misitu ya mlimani yenye vuguvugu na umande. Joto ni mguu wa kuongeza mwendo wa baiskeli, lakini mnyororo ni maji.

Nchelenge ina misimu inayoukata mnyororo huo na kuuunga kila mwaka. Tangu Mei hadi Oktoba hainyeshi mvua ya maana. Kisha, Novemba, mvua inaanguka juu ya udongo mkavu na wa moto, na kwa siku chache hapo chini kunakuwa na karamu isiyo na mfano mwaka mzima.

Aliyeieleza karamu hiyo vizuri hakuwa mbali na wasomaji wa Kiswahili. H. F. Birch alikuwa mkemia wa udongo katika kituo cha utafiti wa kilimo na misitu cha Afrika Mashariki kilichokuwa Muguga, nje kidogo ya Nairobi, kituo kilichorithi kazi ya taasisi kongwe ya Amani kule Usambara. Katika makala zake za mwaka 1958 na miaka iliyofuata, alionyesha kwamba udongo uliokaushwa kisha ukaloweshwa hutoa hewa ya ukaa na naitrojeni kwa mfumuko mkubwa kuliko udongo uliokaa na unyevu wakati wote. Tena, kadiri ulivyokauka kwa muda mrefu, ndivyo mfumuko ulivyokuwa mkubwa. Sababu zake zinaeleweka zaidi siku hizi: ukame huua vijidudu vingi na miili yao inabaki kuwa chakula, walionusurika walijaza miilini mwao vitu vya kuzuia kukauka, na maji yakija ghafla wanavitapika, mabonge ya udongo nayo hupasuka na kufichua mboji iliyokuwa imejificha ndani. Wanasayansi duniani kote wanaliita jambo hili kwa jina la Birch. Ni moja ya michango mikubwa ya Muguga kwa sayansi, na ni ajabu kwamba watu wengi wanaopita karibu na hapo kwenye barabara ya Naivasha hawajui.

Hesabu ndogo itaonyesha ukubwa wake. Udongo wa juu wa hekta moja, kina cha sentimita 15, una uzito wa karibu tani 2,000. Ukiwa na naitrojeni ya asilimia 0.1 tu, hizo ni kilo 2,000 zilizofungwa katika mboji. Vijidudu vikivunja asilimia 3 yake kwa mwaka, vinatoa kilo 60, sawa na zaidi ya mifuko miwili na nusu ya Urea ya kilo 50, na sehemu nzuri ya hizo hutoka katika wiki za kwanza za mvua. Bure. Tatizo ni kwamba katika wiki hizo mahindi ya wengi bado ni punje ndani ya gunia, au mche wenye majani mawili na mzizi wa urefu wa kidole.

Naitreti haina subira. Chembe za udongo wa mfinyanzi zina chaji hasi na naitreti pia ina chaji hasi, kwa hiyo haishikwi. Inateremka na maji. Amoniamu ina chaji chanya na hushikwa, lakini katika joto la Novemba, udongo ukiwa na unyevu na uko kwenye nyuzi 25 hadi 30, wageuzaji huimaliza kwa wiki mbili tatu. Basi joto lileile linaloifungua hazina ya mboji ndilo linaloiweka katika sura iliyo rahisi kupotea. Wazee waliosisitiza kupanda na mvua ya kwanza walikuwa wanaiwahi naitreti, ingawa hawakuiita hivyo.

Magharibi mwa Kenya, katika miaka ya 1990, watafiti waliichimba ardhi na kuikuta naitreti iliyokimbia imekaa chini sana, mahali ambapo mizizi ya mahindi haifiki. Udongo mwekundu wa huko unaweza kuikamata kidogo katika matabaka ya chini. Mti mdogo wa sesbania, ukipandwa shamba likipumzishwa, uliteremsha mizizi na kuipandisha tena juu ndani ya majani yake. Mchanga wa kando ya Mweru hauna ukarimu wa kiasi hicho: kinachopita kinaelekea kwenye maji ya chini na ziwani.

Watu wa kaskazini mwa Zambia walikuwa na jibu lao kwa ardhi hii maskini, nalo lilikuwa moto. Katika kilimo kiitwacho chitemene, wanaume hukwea miti ya miombo na kukata matawi, wanawake huyabeba na kuyarundika katikati ya eneo lililokatwa, na yakishakauka huchomwa karibu na mwisho wa kiangazi, kabla mvua haijafika. Matawi hutoka katika eneo kubwa mara nyingi kuliko bustani yenyewe ya majivu. Hapo hupandwa ulezi, kisha mihogo, karanga na maharage katika miaka inayofuata. Mwanaanthropolojia Audrey Richards, aliyeishi na Wabemba miaka ya 1930, aliueleza utaratibu huo katika kitabu chake cha mwaka 1939. Utawala wa kampuni ya Waingereza ulikuwa umeupiga marufuku mwaka 1906 kwa kuuona ni uharibifu na uhamahamaji. Haikuchukua miaka mingi marufuku ikaondolewa, maana watu hawakuwa wamepewa namna nyingine ya kula.

Maelezo ya kawaida ni kwamba majivu ndiyo mbolea. Ni kweli nusu. Majivu huleta potasi na chokaa na kupunguza uchachu, lakini hayaleti naitrojeni, kwa sababu naitrojeni ya matawi nyingi yake hupaa na moshi. Mbona basi ulezi wa mwaka wa kwanza unakuwa wa kijani namna ile? Jibu limo katika joto. Moto wa rundo la matawi huupika udongo wa juu kwa saa kadhaa. Mboji hupasuka na kutoa amoniamu papo hapo, na vijidudu vilivyokufa huwa mboji mpya laini. Wageuzaji, ambao ni wepesi kufa kwa moto na wazito kurudi, hawapo. Kwa wiki kadhaa amoniamu hukaa ilivyo, imeshikwa na udongo, ikiusubiri ulezi. Wageuzaji wakirejea wanakuta majivu yameshapunguza uchachu na wanafanya kazi kwa kasi, lakini kufikia hapo mmea una mizizi ya kupokea.

Uingereza iliufikia ukweli huo kwa njia nyingine. Mwaka 1909, katika kituo cha utafiti cha Rothamsted, E. J. Russell na H. B. Hutchinson waliripoti kwamba udongo uliopashwa moto kwa kiasi, bila kuunguzwa, hutoa mazao zaidi kwa sababu amonia huongezeka ndani yake. Wenye nyumba za vioo za nyanya walifurahi na wakaendelea kupuliza mvuke katika udongo wao. Ilikuwa miaka mitatu tu baada ya kampuni kuwakataza watu wa kaskazini mwa Zambia kufanya jambo la jamii hiyohiyo kwa matawi. Si kusema chitemene haina gharama. Inahitaji msitu mpana na miaka mingi ya kuuacha upumzike, na pembeni mwa Mweru, penye vijiji vilivyoshikana na soko la mkaa, msitu wa kupumzika umepungua sana.

Ndiyo maana mfuko wa mbolea una nafasi yake. Nao pia uko chini ya amri ya joto. Zambia hupandia Kompaundi D na kukuzia Urea yenye naitrojeni ya asilimia 46. Urea yenyewe si chakula cha mmea. Kimeng'enya kiitwacho urease, kilichojaa udongoni na kwenye mabaki ya mimea, huivunja kuwa amonia. Katika udongo wa vuguvugu wenye unyevu, kazi hiyo huisha kwa siku chache. Urea ikiwa imefukiwa, amonia hunaswa na udongo. Ikiwa imenyunyizwa juu ya mchanga wenye joto asubuhi ya jua, baada ya manyunyu yasiyotosha kuizamisha, sehemu yake kubwa huruka hewani, na mwenye pua kali ataisikia. Tundu la kina cha kidole kando ya shina na teke la kulifukia ni kazi ya kuchosha mgongo, lakini ni nafuu kuliko mfuko mwingine.

Karibu na maji mambo hugeuka tena. Ziwa Mweru hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita moja kila mwaka, likijaa hadi Mei, mvua zikiwa zimekwisha, maana mto Luapula huleta taratibu maji yaliyolala katika vinamasi vya Bangweulu. Bustani za ufukweni na kingo za Mofwe huloa. Udongo uliojaa maji hukosa oksijeni, na humo kuna bakteria ambao, wakikosa oksijeni, hupumua kwa naitreti na kuirudisha angani ikiwa gesi. Joto huwachochea hao kuliko karibu wengine wote. Mboga zilizokuwa za kijani kibichi zinaweza kuwa za njano katika wiki moja ya kuloa, bila ya naitreti kusombwa na maji. Sehemu ya gesi hiyo hutoka ikiwa oksidi ya naitrasi, ambayo uzito kwa uzito hunasa joto zaidi ya mara 250 kuliko hewa ya ukaa na kudumu angani zaidi ya miaka mia. Habari njema kidogo ni kwamba kadiri udongo unavyokuwa na joto, ndivyo sehemu kubwa zaidi ya gesi humalizikia katika naitrojeni ya kawaida isiyo na madhara, ingawa jumla inayopotea ni kubwa zaidi.

Dunia ikizidi kuwa na joto itakuwaje? Kule Harvard Forest, Marekani, watafiti wamefukia nyaya za umeme na kuupasha udongo wa msitu nyuzi 5 zaidi tangu 1991. Naitrojeni iliongezeka na miti ikanenepa. Katika kisiwa cha Barro Colorado, Panama, udongo wa kitropiki uliopashwa nyuzi 4 ulitoa hewa ya ukaa zaidi kwa asilimia 55 katika miaka miwili. Mboji ya nchi za joto, iliyodhaniwa kuwa imezoea, haijazoea. Na Luapula ina mzigo mwingine juu ya huo. Ukame wa El Niño ulipoikumba Zambia na serikali kutangaza janga la taifa Februari 2024, wilaya 84 kati ya 116 ziliathirika, na mikoa ya kaskazini yenye mvua ikaangaliwa kama ghala. Wakiitwa kulima zaidi, watu wa huku watafungua ardhi zaidi kwenye jua la Oktoba.

Kuna vijidudu ambavyo havingoji mboji. Ni bakteria wa vifundo vya mizizi ya jamii ya kunde, wanaochukua naitrojeni hewani moja kwa moja na kuuza kwa mmea kwa bei ya sukari. Nao wana joto lao. Wale wa maharage ni dhaifu. Udongo ukipita nyuzi 30 na kitu, vifundo hupungua au havifanyi kazi. Wa karanga, kunde na njugu mawe ni wavumilivu zaidi, na hao ndio waliozoea mchanga wa Mweru. Soya ya aina iitwayo Magoye nayo imependwa Zambia kwa sababu haichagui: hukubaliana na bakteria wanaokutwa shambani, wala haihitaji pakiti ya bakteria wa kununua, viumbe hai ambao husafiri kwa basi siku nzima kutoka Lusaka wakiwa juani na mara nyingine hufika wakiwa maiti.

Kwa hiyo mama anayepanda karanga katikati ya matuta ya muhogo, na kulaza magugu juu ya tuta badala ya kuyachoma, anafanya mambo matatu kwa jembe moja. Anaupoza udongo, anawapa wavunjaji kazi ya polepole, na anaweka mizizi mahali ambapo naitreti ingepita bila kuulizwa. Muhogo husaidia kwa kukaa ardhini miaka miwili au mitatu. Mvua ya kwanza ya mwaka wa pili huukuta una mizizi tayari. Sehemu nzuri ya naitrojeni unayoikamata huenda kwenye majani, ambayo huchumwa, hutwangwa na kuchemshwa muda mrefu, yakaitwa katapa. Jioni hutiwa unga wa karanga na kuwekwa kando ya ubwali na samaki wa Mweru: naitrojeni ya mboji na naitrojeni ya hewani zimekutana kwenye chungu kimoja, na nyingine imepitia ziwani.